Pimeni ngazi kabla ya kupima goti: barua ya wazi kwa wanaosimamia afya, masoko na ujenzi wa Goma

Waheshimiwa,

Barua hii ni yenu ninyi mnaotia sahihi michoro ya vyoo vya soko na vya shule, mnaopokea kazi mikononi mwa mafundi, mnaoongoza zoni za afya za Goma na Karisimbi, na mnaoamua bomba la maji lisimame wapi katika kartie (mtaa). Tunaoandika ni watu wa kine, yaani wa tiba ya mazoezi ya viungo, na wauguzi ambao kazi yetu ya kila siku ni magoti. Hatuombi dawa mpya wala mashine. Tumekuja na mita ya fundi, ile ya kukunjua, na tunaomba muishike nanyi.

Goti lenye artrozi, ugonjwa wa kiungo tutakaoueleza hapa chini, huhesabu sentimita. Mama wa miaka sitini anaweza kutoka Majengo akafika Birere kwa miguu, akipumzika mara mbili njiani, na jioni ileile akashindwa kupanda ngazi nne za choo cha palseli yake (kiwanja cha nyumba). Jirani aliyemwona barabarani atasema anajidekeza. Hajidekezi. Kutembea tambarare kunamtaka akunje goti digrii 60 hivi. Ngazi ndefu inamtaka 90 au zaidi, tena uzito wote ukiwa juu ya mguu mmoja. Kuchuchumaa chooni kunamtaka zaidi ya 130. Goti lake linaishia 110. Hapo bidii haisaidii kitu, ni kama mlango uliokwisha kugonga ukuta.

Mjini kwetu ugonjwa huu unaitwa rimatismi, na ndani ya kapu hilo kila kitu kinatiwa: gutte (jongo), baridi yabisi, goti lililoumia mpirani, hata maumivu ya malaria. Mchanganyo huo unaumiza watu, kwa hiyo tuseme wazi tunazungumzia nini. Artrozi ya goti ni ugonjwa wa kiungo kizima. Gegedu linalofunika ncha za mifupa linakonda na kuchanika, mfupa wa chini yake unakuwa mgumu na kuota vichomozo pembeni, utando wa ndani unavimba, na msuli wa mbele wa paja unanyong'onyea. Watu husema "mafuta ya goti yameisha". Mara nyingi ni kinyume chake: goti limejaa maji, na maji hayo, hata yakiwa kidogo, yanauzima msuli wa paja kwa njia ya neva. Ndiyo maana mgonjwa anasema "goti linaniachia" anaposhuka, ingawa hakuna kilichokatika ndani.

Mtu aliyefika miaka 45, anayeumwa goti anapolitumia, ambaye asubuhi linakuwa gumu kwa muda usiozidi nusu saa, anatambulika kwa kumsikiliza na kumgusa. Picha ya radio (eksirei) si lazima ili kuanza kumtibu. Tena picha hudanganya: wapo wenye radio mbaya wanaopanda ngazi bila kulalamika, na wapo wenye radio nzuri wanaoshuka ngazi kinyumenyume. Lakini goti la moto lenye uvimbe na homa, goti linalouma usiku kucha hata likiwa limepumzika, goti lililojifunga lisikunjuke, na goti la mtoto, hayo si ya barua hii. Yafike kwa daktari bila kusubiri.

Shirika la Afya Duniani linahesabu watu milioni 528 waliokuwa wakiishi na artrozi duniani mwaka 2019, na goti ndilo linaloongoza, watu milioni 365. Asilimia 60 ni wanawake. Asilimia 73 wamepita miaka 55. Umri una sehemu yake, uzito wa mwili una sehemu yake, ajali ya zamani pia, na vilevile kazi za kupiga magoti, kuchuchumaa na kubeba. Anayeijua Goma ajaze mwenyewe ni akina nani wanaofanya kazi hizo.

Sasa tuje kwenye hesabu. Kuna magoti ya bandia yaliyotiwa kipimo ndani, yakasoma uzito ambao kiungo kinabeba mtu akiwa katika shughuli zake. Kutembea tambarare ni karibu mara mbili na nusu ya uzito wa mwili. Kupanda ngazi ni mara tatu na kidogo. Kushuka, ambako watu hudhani ni kupumzika, ndiko kuzito kuliko vyote: karibu mara tatu na nusu. Mama wa kilo 60 akishuka ngazi, goti linabeba kama kilo 210. Mtwike bidoni (dumu) ya maji ya lita 20, zinakuwa 280. Hesabu hii ni ya mkato, kwa sababu mzigo wa kichwani na wa mgongoni haugawanyiki sawasawa, lakini mwelekeo wake haubadiliki. Na kwa upande wa pili, kila kilo moja anayopunguza mtu mnene inaliondolea goti kilo nne hivi kwa kila hatua, jambo ambalo tunawaambia wagonjwa wetu wenye kilo nyingi bila kuwaficha.

Tuanze na choo, kwa sababu huko ndiko mambo yanakoharibikia.

Mnajua ninyi kuliko sisi kwa nini vyoo vingi vya Goma viko juu. Chini ni jiwe la volkano. Shimo la mita tatu kwa sururu ni kazi ya wiki nyingi na pesa nyingi, na penye lava ya mwaka 2002 wengine hawakujaribu hata kidogo. Kwa hiyo fundi huchimba anapoweza, kisha anajenga ukuta kwenda juu, anaweka sakafu, na anamalizia kwa ngazi za mawe au za mbao. Ujenzi huo una akili, hatuulaumu. Tunalaumu ngazi. Tuchukue choo kilichoinuka mita moja kwa ngazi nne: kila moja ni sentimita 25. Goti lenye artrozi linapanda vizuri ngazi ya sentimita 15. Likifika 18 linaanza kuhangaika, na kwenye 25 mtu anapanda kwa mikono, akishika ukuta, mbao, chochote. Halafu ndani anachuchumaa. Akishuka chini kabisa hawezi kusimama, basi anaweka mkono sakafuni au anaushika ukuta ambao kila aliyetangulia aliushika hivyohivyo. Katika mji unaopambana na kipindupindu kila mara, hili si jambo la goti peke yake.

Mama huyo hana ubishi na ninyi. Anachofanya ni kupunguza kunywa maji. Anakunywa asubuhi kidogo, mchana anajinyima, ili asiende chooni sokoni, na usiku asishuke ngazi gizani mvua ikinyesha juu ya mawe. Anapata choo kigumu, mkojo unamchoma. Na kwa sababu goti linamuuma, ananunua diklofenaki au ibuprofeni dukani, vidonge viwili au vitatu kwa siku kwa miezi. Dawa hizo hupunguza damu inayofika kwenye figo, na figo za mtu asiyekunywa maji zimekwisha kubanwa. Ikiwa pia anameza dawa za presha, hasa zile za kukojoza pamoja na zile zinazoishia na "-prili", figo zinapigwa pande tatu kwa wakati mmoja. Anakuja kwetu miguu imevimba, na sote tunaliangalia goti. Ugonjwa ulianzia kwenye ngazi ya sentimita 25.

Kwa hiyo tunachoomba kuhusu vyoo vya umma, yaani vya masoko, shule, vituo vya afya na maofisi, kina vipimo. Urefu wa ngazi usizidi sentimita 15, na kina cha pa kukanyagia kisipungue 30. Mita moja ikigawanywa kwa ngazi saba inatoa sentimita 14 na kidogo kila moja, na ngazi saba zinakula mita mbili na sentimita kumi za uwanja. Tunajua palseli ni ndogo. Basi ngazi izunguke: nne upande mmoja, kituo cha mita moja kwa mita moja, tatu upande wa pili. Mtu atapata pa kupumulia katikati, na mkandarasi hatapata kisingizio cha nafasi.

Kosa tunaloliona zaidi liko kwenye ngazi ya kwanza na ya mwisho. Fundi anaanzia juu, anashuka akipima vizuri, halafu anakuta ardhi haikusawazishwa, basi kilichobaki ndicho kinakuwa ngazi: sentimita 8 hapa, 22 kule. Mguu wa binadamu hujifunza urefu wa ngazi baada ya hatua mbili na kuacha kuangalia. Ngazi ikitofautiana na wenzake hata kwa sentimita mbili, mguu unajikwaa, na mwenye msuli mdhaifu wa paja hawezi kujizuia. Ardhi isawazishwe kwanza, urefu wote ugawanywe sawa, ndipo zege limwagwe. Pembe ya kila ngazi ipakwe rangi nyeupe, kwa sababu jiwe jeusi juu ya jiwe jeusi jioni halionekani.

Pa kushika kuwe pande zote mbili, kati ya sentimita 85 na 95 kutoka ngazi, na kupite mwisho wa ngazi kwa sentimita 30 juu na chini, ili mtu awe ameshika kabla ya hatua ya kwanza. Kusipigiliwe misumari kwenye mbao za ukuta. Mbao za hapa hupokea mvua miezi mingi ya mwaka, msumari unalegea, na siku mtu anapouegemea kwa uzito wake wote unatoka. Bomba la chuma au gogo la mikaratusi lisimame kwenye zege lake lenyewe, au lifungwe kwa bolti inayopenya nguzo mpaka upande wa pili. Jaribio ni rahisi: mtu mzima mmoja ajitundike hapo. Kikitingishika, kazi haijapokelewa.

Ndani, katika kila vyumba vinne kimoja kiwe na pa kukalia, urefu wa sentimita 45, na mshikio ukutani upande wa mkono, sentimita 70 kutoka sakafuni. Hapa miradi mingi imeshakwama, na tuseme kwa nini. Kiti cha mbao tupu hunywa mkojo, hunuka, hakioshwi kikasafika. Watu wanakikinai, wanapanda juu yake kwa viatu na kuchuchumaa, kinavunjika, na baada ya mwezi msimamizi anaandika kwamba "watu hawajazoea kukaa". Wamekataa uchafu, hawakukataa kukaa. Kiti kijengwe kwa tofali au jiwe, kipigwe saruji laini iliyosuguliwa kwa unga wa saruji mpaka ing'ae, tundu liwe refu kuliko pana, la kutosha kupitisha maji ya kusafisha bila kurukia ukingo. Mlango uwe wa sentimita 80, kwa sababu mtu mwenye fimbo haingii ubavu. Na ndoo ya maji iwe juu ya kitu, isiwe sakafuni.

Kwa mwenye choo nyumbani, kituo cha afya kinaweza kumwelekeza fundi seremala: kiti cha miguu minne kisicho na sehemu ya katikati, sentimita 45, miguu imetanuka kidogo chini kuliko juu ili kisipinduke, kimepakwa rangi ya mafuta mara mbili. Kinawekwa juu ya tundu, kinaondolewa. Ni kazi ya siku moja ya seremala yeyote wa Katindo au Ndosho.

Maji sasa. Vipimo vya Sphere, vile vya kimataifa vya misaada ya dharura, ambavyo mashirika yanayofanya kazi hapa yanavijua kwa moyo, vinataka bomba lisiwe mbali kuliko mita 500 na foleni isizidi dakika 30. Havisemi bidoni inanyanyuliwaje, na hapo ndipo goti linapofia. Kubeba ni sehemu ndogo ya tabu, kubwa ni kuinuka nayo kutoka chini. Mwanamke anachuchumaa mpaka mwisho, anajitwika kilo 20, anasimama. Goti lililokunjwa sana likilazimika kunyooka na mzigo, pia ya goti inabanwa kwenye paja kwa nguvu kubwa kuliko wakati wowote wa siku. Kinachotakiwa ni jukwaa la zege kando ya bomba, sentimita 75 kutoka ardhini, ili bidoni ijazwe ikiwa tayari usawa wa kiuno, naye ageuke, aegemeze mgongo, avute kamba, aende. Mwenye kubeba kichwani atasaidiwa kutoka hapo nusu ya safari tu. Na mdomo wa bomba uwe juu ya jukwaa kwa nusu mita na ziada, bidoni ya lita 20 ipite. Tumeona majukwaa mazuri yaliyojengwa chini ya bomba fupi: bidoni haiingii, watu wanajaza chini kama zamani, na jukwaa linakuwa pa kuanikia nguo. Ukienda Kituku ambako watu wanachota ziwani penyewe, jukwaa halina maana. Huko tunaomba ngazi za kushukia zenye pa kushika, na bidoni za lita 10 zihesabiwe kuwa za kawaida, zisichekwe.

Sokoni muuzaji wa mboga anakaa kwenye kigoda cha sentimita 15 au 20 tangu asubuhi, bidhaa zikiwa juu ya gunia. Kila mteja ni kuinama, kila chenji ni kuinuka nusu. Goti lililokaa limekunjwa kwa saa nzima linaganda, na hatua kumi za kwanza baada ya kusimama ndizo zenye maumivu. Meza za soko zikijengwa upya, Virunga au Alanine au kwingineko, ziwe za sentimita 75 na ziache nafasi ya miguu chini, muuzaji akae kwenye kiti cha 45. Meza iliyojazwa tofali mpaka chini inamlazimisha akae ubavu na kujipinda, na goti halipendi kupindwa likiwa limekunjwa. Kuhusu babula, jiko la makaa, hatuna amri ya kuwaomba, maana iko majumbani, ila wenye kupika chakula cha kuuza sokoni wanaweza kutengewa kizingiti cha mawe cha kuiweka juu, sentimita 40 hivi, mbali na mbao.

Watu wa chukudu, kile chombo cha mbao cha magurudumu mawili cha kusukuma mizigo, mara nyingi wanasahauliwa katika mambo haya kwa sababu ni vijana na wana nguvu. Goti moja liko juu ya kipande cha raba, mguu wa pili unasukuma, chuma na mbao vimebeba magunia. Uvimbe laini mbele ya pia ya goti, unaotokana na kupiga goti, si artrozi. Hupungua mtu akibadilisha goti na akiongeza unene wa raba. Lakini akitoka hapo na goti lililowahi kupinduka kwenye mawe ya barabara, likavimba siku hiyohiyo, halafu akarudi kazini baada ya siku tatu, huyo ndiye mgonjwa wetu wa artrozi wa miaka kumi na tano ijayo. Kusawazisha barabara za ndani ni tiba ya goti pia, ingawa hakuna anayeiandika hivyo kwenye bajeti.

Tunawageukia wakubwa wa zoni za afya, tukiwa wenyewe ndani ya nyumba hiyo. Mgonjwa wa goti anapofika kituoni leo anaondoka na nini? Mara nyingi sindano ya diklofenaki kwenye tako, au vidonge vya deksamethasoni ambavyo mtaani vinaitwa deksa. Deksa inafanya goti linyamaze, na ndiyo maana inapendwa. Inapandisha sukari na presha, inanyausha mifupa, inaficha maambukizi, inavimbisha uso, na anayeizoea akiiacha ghafla anaweza kuanguka. Artrozi haina haja nayo. Dawa ya kupaka ya kundi la diklofenaki ndiyo ya kuanza nayo kwa goti, vidonge viwe vya siku chache kwa kipimo kidogo, baada ya kuuliza kuhusu tumbo, presha na figo. Sindano hazina faida ya ziada kwa ugonjwa wa miaka, na ikichomwa vibaya inaweza kuumiza neva ya mguu.

Tiba yenyewe ni msuli. Gegedu halina mishipa ya damu. Linalishwa kwa kubanwa na kuachiwa, kama sponji ndani ya beseni. Goti lisilotembezwa linakosa chakula. Kiti, ukuta na kibao cha sentimita 10 vinatosha kituo kizima. Mgonjwa anakaa kwenye kiti cha 45, mikono kifuani, anasimama na kukaa taratibu, mara 8 mpaka 12, anapumzika, anarudia mpaka seti tatu. Mara mbili au tatu kwa wiki, kwa wiki 8 mpaka 12. Asiyeweza anaongezewa kitenge kilichokunjwa juu ya kiti, sentimita tano au kumi, na kila wiki anapunguziwa mkunjo mmoja. Kisha kibao: kupanda kwa mguu mgonjwa, kushuka polepole kwa kuhesabu hadi tatu. Maumivu mpaka tano kati ya kumi yanavumilika, ikiwa kesho yake yamerudi yalipokuwa. Yakibaki juu, siku inayofuata tunapunguza idadi, hatuachi. Mazoezi haya hushindwa kwa sababu mbili: muuguzi anamwanzisha mgonjwa kwenye kiti kifupi bila kitenge, anaumia, harudi, au tunamweka chini ya taa ya joto nusu saa na kumkanda, anafurahi, na msuli unabaki ulivyokuwa.

Tunaomba karatasi moja ya dakika tano iwekwe katika kila kituo. Juu yake kuwe na jaribio la kiti: sentimita 43, kimeegemezwa ukutani, mikono kifuani, mgonjwa anasimama mara ngapi kwa sekunde 30. Kiwango kinachotumika Marekani kinasema mwanamke wa miaka 60 hadi 64 asiyefika mara 12 yuko chini ya kawaida, mwanamume asiyefika 14 vilevile. Anayesukuma kwa mikono anaandikiwa sifuri, na pembeni inaandikwa alitumia mikono. Kiti kiwe kilekile kila mara. Benchi la kituo likiwa 38 leo na mwezi ujao mtu akapimwa kwenye kiti cha daktari cha 47, ataonekana amepona kumbe kiti ndicho kilichokua. Chini ya hapo yawe maswali manne tu: unafikaje chooni, unachota maji vipi, unakaa juu ya nini kazini, unapandaje moto (pikipiki). Swali la mwisho watu hulicheka. Lakini mama asiyeweza kurusha mguu juu ya kiti cha moto analipa safari mbili za miguu, au haendi kliniki. Akiambiwa apandie kwenye jiwe la ukingo, upande wa goti zima likibaki chini, mara nyingi anaweza.

Fimbo tumeziona nyingi, na karibu zote ndefu mno. Mtu asimame na viatu vyake, mkono uning'inie, fimbo ikatwe usawa wa mkunjo wa kifundo cha mkono. Aishike upande wa goti zima, si upande wa goti bovu. Fimbo na mguu mgonjwa viende pamoja. Mguu mzima hutangulia kupanda, mguu mgonjwa hutangulia kushuka. Chini ipigiliwe raba ya tairi, ibadilishwe ikianza kung'aa, maana jiwe la volkano huila upesi kuliko lami.

Nchi ina Sheria ya Kiungano (loi organique) namba 22/003 ya tarehe 3 Mei 2022 inayolinda haki za watu wenye ulemavu. Mtu asiyeweza kupanda ngazi ya ofisi ya serikali kwa sababu ya magoti hajioni mlemavu, wala hana kadi, naye ana shida ileile. Ofisi inayopokea wazee ihamie chini, au karani ashuke. Na penye foleni pawe na viti vya 45 vyenye mikono, hata sita tu, kwa sababu mikono ya kiti ndiyo inayomsimamisha mtu.

Waheshimiwa, siku ya kupokea kazi, kabla ya picha na hotuba, mmoja wenu aichukue mita. Apime ngazi zote moja moja na kuziandika, siyo ya katikati peke yake. Apime kiti cha choo, ajitundike kwenye mshikio, ajaze bidoni chini ya bomba mbele ya mkandarasi. Nambari hizo ziandikwe kwenye hati ya mapokezi, na nakala ibandikwe mlangoni pa soko au pa kituo, ambapo yeyote mwenye mita anaweza kurudia kuzipima. Sisi wa kine tuko tayari kuja siku hiyo bila malipo, na mita tutaileta.

Wenu katika kazi,

Watu wa kine na wauguzi wa magoti, Goma